Solomoni na Kitenzi cha Kusamehe

Kuna watu wanaopenda ng'ombe, kuna wanaopenda pombe ya ndizi, na wapo wachache, Mungu awahurumie, wanaopenda vitenzi. Solomoni alikuwa wa kundi hilo la tatu. Alikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya misheni, upande wa mashariki wa Mlima Meru, miaka ile Wadachi walipokuwa wanavuta reli yao kutoka Tanga kuja Moshi. Ukikutana naye njiani ungeona midomo inacheza ukadhani anasali. Hasali wala nini. Alikuwa ananyambua vitenzi vya Kidachi.

Nyumbani kwao walikuwa wamemzoea. Baba alishafariki, amebaki mama yao, Kaanaeli, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya korongo bila kupazwa. Alikuwepo Hanna, mke wa Solomoni, na alikuwepo Elinaza, mdogo wake wa mwisho. Elinaza alikuwa kinyume cha kaka yake kwa kila kitu. Shule aliionja msimu mmoja akaiacha, akisema Kidachi ni lugha ya mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Yeye alijua mifereji. Alijua maji ya mlima yanapita wapi, zamu ya nani leo, na jiwe gani likiondolewa shamba la nani litalowa. Akitoka huko na matope mpaka magotini, neno lake la kwanza lilikuwa ni utani.

"Kaka, leo umekamata mnyama gani?"

Mnyama maana yake kitenzi. Na Solomoni, ambaye kwa watu wengine alikuwa mzito kama gogo, angekaa chini kwa furaha amweleze mdogo wake mnyama wa siku hiyo: pembe zake, mkia wake, alikotoka. Elinaza alisikiliza mpaka mwisho. Hakuna mtu mwingine mlimani aliyekuwa anasikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo Solomoni alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

Siku moja mchana Pasta alimfundisha kitenzi kipya. Huyu Pasta alikuwa Mdachi mzee, mwembamba, aliyependa lugha kuliko alivyopenda chakula, na barazani kwake ndipo Solomoni alipojifunza yote aliyoyajua. Kitenzi chenyewe kilikuwa *verzeihen*, yaani kusamehe. Pasta alikiandika ubaoni akakikata katikati kwa mstari. Hii *zeihen*, alisema, ni neno la kale, siku hizi ni nadra mtu kulitumia peke yake. Maana yake ni kumshtaki mtu, kumsonta, kwamba ni wewe uliyefanya. Ni ndugu wa *zeigen*, kuonyesha kwa kidole. Na hiyo *ver* iliyokaa mbele inaliondoa, inalitupa. Kwa hiyo mababu zetu waliposema *verzeihen* walimaanisha kuliachilia dai lako, usidai tena.

"Kukunja kidole," alisema Solomoni.

Pasta alifikiri kidogo, akacheka kwa furaha. "Kukunja kidole. Ndiyo, mwalimu. Vizuri sana."

Kisha wakakinyambua. *Ich verzeihe, du verzeihst, er verzeiht.* Nasamehe, unasamehe, anasamehe. *Wir verzeihen, ihr verzeiht, sie verzeihen.* Wakati uliopita kinageuka tumbo: *ich verzieh*. Na jambo likishakwisha kabisa, *ich habe verziehen*, nimekwisha kusamehe. Solomoni alirudi nyumbani akikitafuna njia nzima kama mtoto aliyepewa muwa.

Jioni hiyo, jikoni, alimweleza Elinaza. Alieleza kidole, alieleza kukunja, halafu akasema jambo lililokuwa linamwasha tangu mchana. "Haya si ndiyo masale yetu? Wadachi nao wanayo!"

Kwa asiyejua, masale ni ule mmea wenye majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo. Lakini si wa mpaka tu. Ukimkosea mtu, hata liwe kosa la damu, ndugu zako huchuma jani la masale, hulifunga fundo na kumpelekea. Akilipokea kwa mkono wake, basi, amesamehe. Hakuna tena baraza, hakuna kisasi, hakuna maneno ya pembeni. Na mtu wa kupokea masale kisha ageuke hakuwahi kusikika, maana kila mtu anajua jani lile lina meno.

Elinaza aliukuna mguu wake wenye matope. "Kama wanalo neno zuri hivyo, mbona hatujawaona wakilitumia?"

"Wewe hujawasikia kanisani."

"Kanisani hata mimi nawapenda watu wote," alisema Elinaza, na mama yao akacheka mpaka akamwaga maziwa.

Ukame wa mwaka ule ndio ulioleta balaa. Chini kidogo, njia ya kwenda Maji ya Chai, kulikuwa na setla wa Kidachi aliyepanda kahawa. Jina lake lilikuwa refu, watu wakamwita Bwana Kengele kwa ile kengele aliyoigonga alfajiri kuwaita vibarua. Mto ulipopungua, Bwana Kengele aliweka mbao kwenye tundu la mfereji, akayageuza maji yote yaende kwenye miche yake. Huko juu maharage yakanyauka. Magimbi ya Kaanaeli yakalala chini kama watu waliochoka. Wazee walikwenda kumsemesha, akawafungulia mbwa.

Elinaza hakwenda kusema. Asubuhi moja, jua limeshatoka, alishuka mpaka kwenye tundu la mfereji akang'oa zile mbao moja moja, bila haraka, kama mtu aliye kwao. Na kwao kweli ndipo alipokuwa, maana tundu lile lilichimbwa na babu yake. Bwana Kengele akatokea juu ya nyumbu wake wa tandiko, kiboko mkononi. Alimpiga mgongoni, Elinaza akavumilia. Alimpiga usoni, hapo Elinaza akakidaka kiboko na kukivuta. Hakumpiga Mzungu. Wote waliokuwa pale waliapa hivyo mpaka walipokufa: alivuta tu. Lakini mwenye kiboko alikuwa amekizungusha mkononi, akaja nacho, akaanguka ndani ya mfereji aliouiba, na mkono ukavunjika.

Siku zile kumwangusha Mzungu halikuwa jambo la kwenda kujieleza. Elinaza alipanda msituni, juu kabisa, ambako ukungu haukauki. Askari wakaja kutoka boma la Arusha. Wakachukua mbuzi, wakavunja mtungi, wakapiga watu wawili watatu ili wasirudi mikono mitupu, na wakasema watarudi tena na tena mpaka mtu wao apatikane.

"Atakufa kwa baridi huko," alisema Kaanaeli. "Au watamkamata na bunduki. Solomoni, chuma masale."

"Mama, yule ni Mdachi."

"Si ulisema wanalo neno hilo? Au ulikuwa unatuimbia tu?" Alikuwa tayari ameshika kamba ya kondoo dume, yule pekee aliyesalia. "Wewe ndiye unayejua kusema nao. Nani mwingine aende? Mimi?"

Pasta alikuwa Moshi kwenye mkutano wa wamisionari, wala haikujulikana atarudi lini. Hakukuwa na wa kumuuliza. Solomoni alichuma jani mpakani kwa baba yake, akalifunga fundo, akavaa koti lake la Jumapili, akashuka.

Bwana Kengele alimpokea barazani, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Mkewe alikuwa pembeni akishona. Solomoni alisimama chini ya ngazi, jani mkononi, kondoo nyuma yake, akasema kwa Kidachi safi, bila kujikwaa hata mara moja, kwamba yeye ni kaka wa Elinaza, kwamba mdogo wake amekosa, kwamba mama yao analia, na kwamba kwa desturi ya mlima huu wameleta jani hili. *Bitte verzeihen Sie meinem Bruder.* Tafadhali msamehe ndugu yangu.

Mkewe aliacha kushona. Bwana Kengele alikodoa macho, na polepole uso wake ukafunguka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amefurahi, kama mtu aliyesikia kasuku akitaja jina lake.

"Umejifunza wapi wewe?"

"Misheni, Bwana."

"Ehe! Na hicho kitenzi, unaweza kukinyambua?"

Solomoni alidhani ameulizwa kwa nia njema. Alinyoosha mgongo akaanza: *ich verzeihe, du verzeihst.* Alisema yote, ya sasa na ya zamani, mpaka *ich habe verziehen*. Alisema na mzizi wake, kidole na kukunjwa kwake, na sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kunyambua kitenzi ambacho uhai wa mtu ulikuwa umekikalia. Mama yule wa Kizungu akapiga makofi. Bwana Kengele akacheka, akashuka ngazi, na kwa ule mkono wake mzima akalichukua jani. Akaligeuza, akalinusa, akampa mkewe, na mkewe akaliweka kwenye bilauri ya maji mezani.

"Mwambie aje," alisema Bwana Kengele. "Hapa hapa nyumbani. Namngoja."

Na kondoo akapelekwa nyuma.

Solomoni alipanda mlima nusu akikimbia. Amepokea! Kwa mkono wake! Alitaka kupiga kelele kwenye migomba. Ni alipofika kwenye kivuko, akiinama kunywa maji, ndipo jambo moja lilipomgusa begani. Yule mtu hakulisema neno. Solomoni amelisema yeye, mbele na nyuma, nyakati zote na nafsi zote. Mwenye kulisema hakulisema. Alikaa pale kwenye jiwe akilirudia lile baraza lote kichwani, akitafuta labda limempita. Halikumpita. Akajiambia mkono umesema, na mkono ukishasema mdomo wa nini? Akajiambia Mdachi akisema "namngoja" huo nao ni ukaribisho. Akajiambia mengi, na miguu yake ikaendelea kupanda.

Alimkuta Elinaza chini ya mti mkubwa, amejifunga majani mwilini, midomo ya bluu. Amekonda. Kidonda cha kiboko usoni kilikuwa kimeanza kuoza.

"Kaka! Leo umekamata mnyama gani?"

Solomoni alishindwa kucheka. "Amepokea masale."

"Nani? Kengele?"

"Kwa mkono wake. Mkewe ameliweka majini lisinyauke."

"Majini?" Elinaza alikunja uso. Hakuna mtu anayeweka masale majini. "Kaka, nambie vizuri. Alisema nini? Alilisema lile neno lako, la kidole?"

Hapa mimi ninayesimulia ningependa sana kusema kwamba Solomoni hakuelewa swali. Alielewa. Alimtazama mdogo wake anavyotetemeka, akawaza askari wanarudi, akamwaza mama yake, akawaza usiku mwingine wa ukungu juu ya kifua kile. Alitaka ashuke. Hilo tu. Kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo alitaka mtoto ashuke apate moto na chakula.

"Alilisema," alijibu.

"Basi twende," alisema Elinaza, na akajifungua majani.

Kaanaeli alimwogesha mwanawe kama mtoto mchanga, mtu mzima yule, na Elinaza akamwachia. Akampikia loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, akala bakuli juu ya bakuli huku akimtania Hanna, ambaye mimba yake ilikuwa imeanza kuonekana, kwamba mtoto akizaliwa ananyambua atarudishwa alikotoka. Walicheka siku ile. Nyumba nzima ilicheka. Kesho yake asubuhi ndugu wawili wakashuka pamoja.

Askari walikuwa nyuma ya ghala. Elinaza alikuwa ameshapanda ngazi ya kwanza na kuvua kofia walipomrukia. Hakupigana. Aligeuka tu kumtazama kaka yake, si kwa hasira, kwa mshangao, kama mtu anayeuliza njia. Solomoni alipiga ukelele kwa Kidachi, kwa Kimeru, kwa lugha zote alizopewa na Mungu. Bwana Kengele alisimama barazani, anampa pole kwa mkono wake mzima kana kwamba ni mvua imenyesha. Juu ya meza ile bilauri bado ilikuwepo, na jani ndani yake, bichi kabisa.

Shauri lilisikilizwa Arusha bomani na halikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kisha mnyororo miaka miwili, kazi ya reli. Solomoni alisimama nje ya ukuta mweupe akasikia viboko vya ndugu yake vikihesabiwa kwa sauti ya askari, na walipomtoa akamfuata mpaka kuvuka mto wa Kijenge, mbali kidogo na wale wenye bunduki. Elinaza alikuwa mfungwa wa mwisho kwenye mnyororo. Hakuweza kugeuka vizuri kwa ajili ya pingu ya shingoni.

"Rudi, kaka," alisema. "Mwambie mama nimekula."

Pasta aliporudi na kusikia, alimchukua Solomoni siku ile ile wakaenda kwa Bwana Kengele. Pasta aliongea kwa ukali ambao Solomoni hakuwahi kuusikia kwake. Alieleza jani ni nini. Bwana Kengele alisikiliza kwa adabu, kisha akaweka mkono kifuani.

"Mchungaji, kumbe ni hilo tu? *Ich habe ihm verziehen.* Nimekwisha kumsamehe. Tena tangu siku ile huyu mwalimu alipokuja. Sina kinyongo naye hata kidogo."

"Basi twende bomani kwa Bwana Shauri, aliyemhukumu, ukamwambie hivyo."

Bwana Kengele alishangaa kwa dhati. "Kwa nini? Moyo ni wangu, nimeutoa. Adhabu ni ya serikali."

Pasta akatazama viatu vyake. Na Solomoni, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi zile zile, akaona kwamba yule mtu hasemi uongo. Ameshasamehe kweli, kwa namna ya kwao. Kidole kilikunjwa na mnyororo ukabaki pale pale. Neno alilokuwa amelibeba kama kaa la moto, akidhani linapika, kwa wenyewe lilikuwa la kujipasha joto tu.

Tangu siku hiyo Solomoni hakupanda tena baraza la Pasta kujifunza.

Habari ya msiba ililetwa na mtu aitwaye Lengai, Mwarusha wa upande wa magharibi, aliyefungwa mnyororo mmoja na Elinaza na kumaliza kifungo chake. Ilikuwa homa, alisema, mahali fulani ng'ambo ya Same. Walimzika kando ya tuta la reli, wenzake wenyewe, kwa mikono, na waliweka mawe fisi wasimfukue. Kaanaeli alisikiliza amekaa wima. Lengai, aliyekuwa mtu mwema, alitafuta la kumfariji.

"Alikuwa akituchekesha, mama. Na alikuwa akijivuna juu ya kaka yake. Jioni alitusimulia: kaka yangu alimwendea Mdachi akamsemesha kwa lugha yake mpaka akatoa neno la msamaha kinywani. Mdachi amelivunja neno lake, lakini kaka yangu alifanya yote ambayo mtu anaweza kufanya. Alisema hivyo hata siku za mwisho."

Solomoni alitoka nje akashika mgomba kwa mikono miwili. Alidhani anakufa. Uchungu wa kuwa mdogo wake amekufa ulikuwa mkubwa, lakini huu wa kuwa amekufa akimsifu ulikuwa hauna mahali pa kushika.

Na hapo ndipo yakaanza ya asubuhi. Kila siku, jua linapochomoza, Kaanaeli alitoka mlangoni, akaugeukia mlima, akasema kwa ile sauti yake iliyovuka korongo: "Aliyemdanganya mwanangu kwa masale, moto wa jiko lake uzimike. Mtoto wake atoke tumboni bila kulia. Jina lake lisiitwe." Alikuwa Mkristo, alikuwa amebatizwa, na Jumapili alikaa benchi la mbele. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kumzuia.

Alikuwa akimlaani Bwana Kengele. Kila mtu alijua hivyo, akangoja Bwana Kengele apate baya. Hakupata. Kahawa yake ilistawi. Mkono wake uliunga, ukanyooka.

"Kwa nini masale hayamgusi?" Kaanaeli alimuuliza mwanawe. "Wewe unayewajua. Wana dawa gani hawa?"

Kila asubuhi Solomoni alikuwa kitandani ameamka, Hanna ubavuni, tumbo kubwa, na laana inapita juu ya paa. Hanna alikuwa anaitikia kimoyomoyo, kwa kuwa naye alimpenda shemeji yake. Solomoni aliiona midomo yake ikisema amina, mkono wake juu ya mtoto wao. Jani lile Mdachi hakulielewa. Hakumdanganya mtu kwa masale. Alisema mwambie aje, akaja. Aliyedanganya kwa masale alikuwa mmoja tu katika mlima mzima, na alikuwa amelala pale.

Alivumilia mpaka Hanna alipoanza kulalamika kwamba siku hizi mtoto hachezi. Asubuhi hiyo alitoka kabla mama yake hajafungua kinywa, akapiga magoti mlangoni kwenye umande.

"Mama, usiseme leo."

"Ondoka njiani."

"Mama, Mdachi hakulisema lile neno. Alilichukua jani tu, hakujua ni nini. Elinaza aliniuliza msituni kama amelisema. Mimi nikamwambia amelisema." Alikuwa akilia wazi wazi, kama mtoto. "Ni mimi, mama. Unayemlaani ni mimi."

Kaanaeli alisimama. Ng'ombe wa jirani alilia, akalia tena. Muda mrefu alitazama kile kichwa kilichoinama miguuni pake, mwanawe aliyebaki, akili yote ile, na uso wake ulizeeka palepale.

"Aliniuliza kama amekula," alisema mwishowe, kama aliyeota. "Hapana. Alisema niambiwe amekula. Kwa sababu nilimpa loshoro akaenda."

Kisha akaingia ndani. Tangu siku ile hakulaani tena. Lakini laana ya mama haifi kwa kunyamaza, kila mtu wa mlimani anajua. Lazima aliyeitoa aiondoe kwa kinywa kile kile: achukue maziwa mdomoni na kumpulizia mtoto wake kichwani, amtemee baraka. Solomoni alirudi kesho yake asubuhi, akapiga magoti. Kaanaeli alikuwa ameandaa kibuyu. Alitaka. Mungu ndiye shahidi alitaka. Alijaza kinywa maziwa, akainama, akamtazama mwanawe, na mashavu yake yakaanza kutetemeka. Akayameza.

"Njoo kesho," alisema.

Akaja kesho. Akaja na keshokutwa. Mvua zikaja na kupita, na kila asubuhi ilikuwa ile ile: magoti, kibuyu, kinywa kimejaa, kisha kule kumeza kunakosikika, na mama anafuta midomo kwa aibu kama mtu aliyeshindwa kubeba mzigo mbele ya watu.

Hanna alijifungua siku ya soko, mchana kweupe. Mtoto wa kiume. Alikaa kimya kidogo baada ya kutoka, kidogo tu, lakini waliokuwemo ndani walizeeka, halafu akalia, kilio kikali cha hasira, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo wakajibu. Solomoni aliitwa. Alimkuta mama yake amempakata mjukuu, anamwogesha kwa mikono ile ile iliyomwogesha Elinaza. Kaanaeli alichukua maziwa mdomoni, akamnyanyua mtoto, akampulizia utosini, mara moja, kwa urahisi, akamwombea umri na maji na watoto. Mtoto akapiga chafya. Watu wakacheka.

Solomoni alikuwa ameshapiga magoti. Hakupanga, magoti yenyewe yaliinama. Mama yake akamwona. Akamkabidhi Hanna mtoto, akachukua kibuyu, akajaza kinywa kwa mara ya pili, akasogea. Aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mwanawe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya asubuhi zote zile, na vidole vyake vilikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto. Solomoni alifumba macho akangoja.

Akasikia anameza.

"Wewe njoo kesho, mwanangu," alisema Kaanaeli, na mkono wake haukutoka.